Mwalimu wa Nyumbani na Mlango wa Kutokea

Kuna aina ya riwaya ambayo Waingereza wameiandika kwa karibu karne mbili bila kuichoka, na wasomaji wake hawajaichoka vilevile. Msichana yatima, aliyesoma lakini hana mali, anaajiriwa katika jumba la tajiri ili awafunze watoto. Hali mezani pamoja na mabwana, wala hali jikoni pamoja na watumishi. Yu katikati ya ngazi, na juu na chini wote wanamtazama kwa shaka. Mwenye jumba ni mtu wa maneno machache na siri nyingi. Usiku husikika sauti isiyoelezeka. Kisha huja penzi, huja msukosuko, na mwishowe ndoa. Kigezo cha hadithi hizi ni *Jane Eyre* ya Charlotte Brontë, iliyotoka mwaka 1847. Mtunzi mwenyewe aliwahi kuifanya kazi hiyo mwaka 1839, akaionja shubiri yake.

Wapo wanaozibeza hadithi hizi na kuziita porojo za kupoteza wakati. Mimi si mmoja wao. Hadithi inayopendwa na watu wengi kwa muda mrefu huwa imeshika jambo ambalo watu hao hawakulipata mahali pengine, na kazi ya mhakiki ni kuuliza jambo hilo ni lipi. Nami nina sababu yangu ya pili ya kuuliza. Mfasiri anayejaribu kuitia hadithi ya namna hii katika Kiswahili hukwama kwenye neno la kwanza kabisa, yaani jina la kazi ya yule msichana. Naomba tulitazame neno hilo, kwa sababu ndani yake mna historia ya pwani yetu, kutoka Bagamoyo na Pangani hadi Tanga na kuvuka bahari hadi Unguja.

Tuna *yaya*. Lakini yaya hubeba mtoto, humlisha na kumlaza. Hatumtarajii afunze herufi wala hesabu. Tuna *mlezi*, neno pana mno, linaloweza kumhusu bibi mzaa mama au mjomba. Tuna *mwalimu*, lakini mwalimu wa pwani kwa desturi alikuwa na chuo chake, na watoto ndio waliomwendea; heshima yake haikutegemea mshahara wa nyumba moja. Na tuna *kungwi*, au *somo* kama wengine wamwitavyo, mwanamke anayemfunda mwari mambo ya utu uzima, akamsindikiza mpaka ndani ya ndoa. Huyu ndiye anayekaribia zaidi. Kungwi huingia katika nyumba ya waungwana akiwa na elimu ambayo mama wa nyumba hawezi kumpa bintiye mwenyewe. Naye aliweza kabisa kuwa mtu wa tabaka la chini, hata mjakazi wa nyumba hiyohiyo. Lakini kungwi hufunza mapenzi ya wengine. Sijasoma riwaya yetu hata moja ambamo kungwi mwenyewe ndiye anayependwa.

Basi kazi ambayo Uingereza iliikusanya kwa mtu mmoja, pwani yetu iliigawa kwa watu wanne. Mgawanyo huo haukutokea kwa bahati. Ulitokana na jinsi nyumba ya mwungwana ilivyopangwa, na hasa na sheria ya nani amwoe nani.

Kanuni ya *kufu* yajulikana. Mwanamke aolewe na mwanamume aliye sawa naye au aliye juu yake kwa nasaba, na walii wake ana haki ya kupinga aliye chini. Mwanamume hakubanwa hivyo. Tena alikuwa na njia nyingine: usuria. Bwana aliweza kumchukua mjakazi wake awe suria, na mtoto aliyezaliwa akawa huru, mwenye nasaba ya baba na fungu la urithi. Sayyid Said bin Sultan aliacha watoto wengi, na waliomrithi walikuwa wana wa masuria. Mmoja wa mabinti hao, Sayyida Salme, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, alikuwa mwana wa Jilfidan, suria wa Kicherkesi.

Sasa tuulize: katika nyumba kama hiyo, hadithi ya Jane Eyre ingekuwa na mshangao gani? Mwanamke asiye na mali kupanda hadi chumba cha bwana halikuwa jambo la kutikisa mji. Lilikuwa na jina, lilikuwa na hukumu zake katika vitabu vya fikihi, na watoto wake walikaa barazani pamoja na wengine. Kilichoifanya riwaya ya Kiingereza iwe kashfa, kwetu kilikuwa desturi.

Wengine wamelitumia jambo hili kuonyesha kwamba pwani yetu ilikuwa na huruma kuliko Ulaya. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, na *Jane Eyre* yenyewe ndiyo inayonisaidia. Kilele cha riwaya hiyo hakiko kwenye ndoa. Kiko alfajiri ile Jane anapotoka Thornfield peke yake, baada ya kujua kwamba Rochester ana mke hai aliyefungiwa ghorofani. Bwana amembembeleza, amemlilia, amempa kila ahadi, naye anampenda. Lakini mlango upo, na ana haki ya kuufungua. Alikuja kwa tangazo alilolitoa mwenyewe gazetini, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka, na aliyeajiriwa kwa mshahara aweza kuuacha. Kwa kuwa aliweza kuondoka, kurejea kwake kuna maana. Msomaji anaamini penzi lile kwa sababu aliona kwamba halikulazimishwa.

Suria hakuwa na mlango huo. Huenda alipenda; wanadamu hupenda hata gerezani. Lakini hakuna awezaye kujua, hata yeye mwenyewe pengine, kwa kuwa jibu la *hapana* halikuwekwa mikononi mwake. Amri ya mwaka 1897 ilipofuta hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, masuria hawakuingizwa. Walingoja hadi mwaka 1909. Upande wa bara, Wajerumani waliamua kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ndio watakaokuwa huru, na utumwa ukafutwa kabisa na sheria ya Waingereza mwaka 1922. Wajakazi wengi wa Pangani na Tanga walizeeka kabla mlango haujafunguliwa. Pasipo mlango wa kutokea, hapana hadithi ya mapenzi. Pana hadithi ya makao tu.

Na tusisahau yule aliyefungiwa ghorofani. Bertha Mason, mke wa Rochester, alitoka Jamaica, na mali yake ilitoka huko. Hata urithi uliomwokoa Jane, pauni 20,000 alizozigawa na binamu zake watatu, ulitoka kwa ami aliyefanya biashara Madeira. Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, aliandika *Wide Sargasso Sea* ili mwanamke wa ghorofani apate kusema. Mtu wa pwani anayezijua nyumba zilizojengwa kwa karafuu za Unguja na miwa ya bonde la Pangani hahitaji kuelezwa sana. Jumba zuri lina mwanamke wake wa ghorofani.

Kutokana na hayo, mwandishi wa Kiswahili anapotaka kusimulia penzi linalovuka matabaka, hana budi kuigeuza ngazi. Kwetu mwanamke anayepanda hamshangazi mtu. Anayeshuka ndiye anayeutikisa mji, kwa kuwa kanuni ya kufu iliwekwa kumzuia yeye. Tazama riwaya zetu bora. Katika *Nyota ya Rehema* (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Rehema ni binti wa mwenye shamba ambaye ukoo wa baba haukumpa nafasi yake, na utulivu anaupata kwa Sulubu, mtu wa jembe. Katika *Vuta n'Kuvute* (1999) ya Adam Shafi, Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mfanyabiashara mwenye umri mkubwa, anaiacha nyumba ya Bwana Raza, anapokewa na Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili wa mtaani, na hatimaye anampenda Denge, mwanaharakati asiye na kitu ila msimamo. Amil Shivji aliifanya riwaya hiyo filamu mwaka 2021, na waliokuwa hawajaisoma wakapata kumjua Yasmin.

Hizi ni kazi kubwa, na uzuri wake mmoja ni kwamba zinaanza na mlango. Yasmin anatoka kwanza, ndipo anapenda. Lakini zote mbili zina upungufu mmoja: aliyekuwa chini tangu mwanzo hapati zamu yake. Mwajuma anampa Yasmin kitanda, urafiki na mji mzima, ila moyo wake yeye unabaki pembeni mwa hadithi. Ndivyo ilivyo pia kwa Biti Kocho, mtumishi katika *Utengano* (1980) ya Said Ahmed Mohamed, na kwa Kijakazi katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) ya Adam Shafi, ambaye hata jina lake ni jina la kazi. Watumishi hawa wameandikwa kwa huruma na kwa hasira ya haki. Tunajua wanavyochoka na wanavyoonewa, hatujui wanavyopenda. Mwandishi aliyewatetea kama tabaka alisahau kuwapa usiku wao.

Tanga yenyewe inatupa mfano mwingine. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alituandikia mwalimu wa nyumba ya mfalme: Utubusara Ujinga wa *Kufikirika*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1967 baada ya mtunzi kufariki. Anamfunza mwana wa mfalme, na njia yake ya kufunza inamkosesha kazi. Shaaban aliona vyema kwamba mwalimu wa nyumbani ni mtu wa hatari, kwa kuwa anaingiza fikira mahali palipozoea amri. Lakini Shaaban alikuwa mwandishi wa maadili, na mwalimu wake akawa sauti ya hekima kuliko mtu wa damu na nyama. Anahojiwa na ulimwengu. Hatamaniwi na mtu yeyote.

Ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, aliyeifikisha hadithi hii karibu kabisa na pwani yetu. Katika *Afterlives* (2020) wapo wapenzi wawili, Afiya na Hamza, katika mji wa pwani usiotajwa jina, zama za Wajerumani na baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Afiya alilelewa na jamaa waliomfanya mtumishi. Kaka yake, Ilyas, aliyesomeshwa na Wajerumani, anamfunza kusoma na kuandika. Ilyas anapokwenda vitani, msichana anarudishwa kwa jamaa wale, na mjomba anapogundua kwamba anajua kuandika anampiga hadi kumvunja mkono. Afiya anaandika ujumbe mfupi kumwita Khalifa, rafiki wa kaka yake, na ujumbe huo unamtoa. Elimu iliyovunja mkono ndiyo iliyofungua mlango.

Msomaji wa visiwani atakumbuka papo hapo kitabu cha Sayyida Salme kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Naye alieleza kwamba wasichana wa jumbani walifunzwa kusoma Kurani lakini si kuandika, na kwamba alijifunza kwa siri kwa kunakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Binti mfalme na mtoto mtumishi walikatazwa kitu kimoja. Hili latuonyesha kwamba hofu ya kalamu ya mwanamke ilivuka matabaka kabla mapenzi hayajavuka.

Hamza naye ana mwalimu wake: ofisa wa Kijerumani aliyemtoa katika safu za askari akamfanya mtumishi wake, akamfunza Kijerumani ili asome Schiller. Hapa Gurnah anafanya jambo la ujasiri. Anachukua sura nzima ya riwaya ya mwalimu wa nyumbani, yaani bwana mwenye huzuni, chumba cha faragha, masomo na upole usiotarajiwa, na kuionyesha ubaya wake. Upole wa ofisa yule ni wa mtu anayekipenda alichokimiliki. Hamza hana pa kwenda. Akitoroka ni msaliti wa jeshi. Tunarudi kwenye suria bila neno hilo kutajwa.

Kisha Hamza anarudi pwani akiwa na jeraha la nyonga, anapata kazi kwa mfanyabiashara na stoo ya kulala nyumbani kwa Khalifa, na Afiya ndiye anayemletea chakula. Kuonyesha anavyompenda, anamfasiria beti ya Schiller kwa Kiswahili na kumpa katika kipande cha karatasi. Mimi kama mfasiri nimeisoma sehemu hii mara nyingi. Lugha aliyopewa na bwana kama pambo la utumwa anaigeuza mali yake, na tafsiri ndiyo tendo la kuigeuza. Hakuna anayepanda ngazi hapo wala anayeshuka. Wawili waliokuwa sakafuni wanakutana sakafuni, kila mmoja akiwa na kalamu.

Je, Gurnah amekamilisha? Nionavyo, amekamilisha jambo moja na kuliacha lingine. Amewapa watumishi usiku wao. Hilo ni deni alilolilipa kwa niaba yetu sote. Lakini kuvuka ngazi kwenyewe, pale alipojaribu, kumeishia huzuni kila mara. Katika *Desertion* (2005) Rehana anaachwa na Martin Pearce, Mwingereza, na mjukuu wake Jamila anatenganishwa na Amin. Katika *Paradise* (1994), ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi* mwaka 2022, Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake anampenda Amina, mke kijana wa bwana wake, naye pia alifika kwa deni. Penzi hilo halipati pa kusimama. Gurnah haamini kwamba ngazi huvukwa. Pengine historia imemfunza hivyo, na historia tunayo.

Mtoro bin Mwenyi Bakari alizaliwa karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufunza Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kinachotokana kwa sehemu kubwa na kalamu ya Mtoro, chenye habari za makungwi, ndoa na watumwa wa Mrima. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani. Walipotaka kuhamia nyumbani kwake mwaka 1905, serikali ya koloni haikukubali mwanamke wa Kizungu aishi kama mke wa mtu mweusi. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927 bila kuiona tena pwani. Mwalimu huyu aliyepata mchumba ugenini hakuachiwa urithi na ami yeyote. Alifungiwa nje ya nchi yake mwenyewe. Salme naye, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, alifiwa na mumewe mwaka 1870, na katika ujane wake alifunza Kiarabu ili apate riziki. Binti wa Mtoni akawa mwalimu wa nyumba za watu. Hadithi ya Kiingereza huanza na mwalimu na kuishia na bibi wa jumba. Yake ilikwenda kinyumenyume.

Hata hivyo historia haikutupa huzuni tupu. Wamisheni wa Kianglikana walikuwa na shule ya wasichana Mbweni, Unguja, kwa ajili ya waliookolewa utumwani, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Baadhi yao walifunzwa ualimu, wakaolewa na vijana waliosoma Kiungani, wakavuka kwenda kufunza katika vituo vya bara, pamoja na Magila katika nchi ya Bonde, nyuma ya Tanga. Hao ndio walimu wanawake wa pwani ya kaskazini wanaostahili riwaya: wasio na ukoo, wenye elimu, waliosimama katikati ya ngazi machoni pa Wazungu, waungwana na Wabondei vilevile. Nani aliwachagulia waume? Nani kati yao alikataa? Maswali hayo ni mali ya mwandishi wa riwaya, na bado yanamngoja.

Yanamngoja pia karibu zaidi. Mji wa Tanga ulipangwa kwa namna ambayo kila asubuhi mwanamke alitoka Ngamiani, mtaa wa barabara zenye namba, akaenda Raskazone yenye bustani na upepo wa bahari kulea watoto wa wengine. Alijua nyimbo, hadithi na dawa. Watoto wa nyumba ile walijifunza lugha kinywani mwake kabla hawajaenda shule. Kwa maana hiyo alikuwa mwalimu wa nyumbani, ila hatukumpa jina.

Atakayeandika hadithi yake namwomba mambo matatu. Kwanza, autaje mshahara kwa tarakimu, kama Brontë alivyoutaja, maana penzi lisilojua bei ya unga halituhusu. Pili, asimlipe kwa ndoa ya tajiri wala kwa urithi unaodondoka sura ya mwisho. Na asimwadhibu kwa mauti pia, maana waandishi wetu wamezoea kumzika mwanamke aliyethubutu. Tatu, na hili ndilo kubwa, amwekee mlango. Tumwone akiwa na uwezo wa kuondoka, tumwone akiushika mkono wa mlango huo, ndipo tujue alichokichagua ni nini.

Neno la Kiswahili la kazi yake litakuja lenyewe. Lugha haikosi jina la mtu inayemheshimu.